"Uso umefunikwa, piga tu": kanuni niliyoitunga mwenyewe, na Ijumaa aliyonyang'anywa dada wa watu Jeddah

Wakuu, natumaini mko salama huko mliko.

Jambo hili nimekaa nalo wiki saba nikidhani hasira itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nitakachosema hapa ama nilikiona kwa macho yangu, ama nilielezwa na mtu aliyekuwepo. Mahali nisipojua nitasema sijui. Majina yote nimeyabadilisha, na alama mbili tatu za mahali nimezihamisha makusudi.

Picha siweki. Mtu asiniombe picha, hata inbox.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa mashine za hospitali. Mtu wa Morogoro, mwaka wa sita huu niko Riyadh kwa mkataba. Ofisi yetu iko Olaya, na kila mwezi natumwa Jeddah siku tatu au nne kukagua mashine.

Starehe yangu ni kamera. Sinywi, mpira nauangalia kwa kusinzia, na familia iko nyumbani. Kwa hiyo siku ya mapumziko nafunga kamba za viatu na kutembea.

Waliowahi kutembea Olaya Ijumaa asubuhi watanielewa. Minara ya vioo imesimama, barabara haina mtu. Wanaobaki ni wale ambao siku za kazi huwaoni: mfagiaji mwenye sare akikokota pipa lake, kijana wa Kibangali akisugua ngazi za metro ambazo bado hazijakanyagwa, na mlinzi aliyekaa nje ya jengo kwenye kiti cha plastiki. Kile kiti kinafuata kivuli. Saa moja kiko mlangoni, saa tatu kiko pembeni ya nguzo, saa tano kimefika kwenye ukuta wa jirani. Nilipiga kiti cha mlinzi mmoja miezi minne mfululizo, bila mlinzi mwenyewe, na bado naona ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mlinzi huyo nilimwomba ruhusa. Kumbukeni hilo, maana wengine sikuwaomba.

Sasa nieleze kanuni yangu ilikotoka.

Kabla ya kuja huku, mwajiri wangu wa zamani alinipeleka Osaka wiki tatu kwa mafunzo. Jioni nilikuwa naranda vichochoroni na kwenye mahekalu yao madogo, yale yaliyobanwa katikati ya maduka, yenye lango jekundu na birika la kunawia mikono kabla ya kuomba. Niliwatazama wapiga picha wenyeji. Wengi walikwepa nyuso. Walipiga migongo, miavuli, viatu vilivyopangwa mlangoni, mkono ulioshika kata ya maji.

Siku moja nikamlenga mama mmoja aliyekuwa anafagia majani hekaluni. Akainua ufagio mbele ya uso wake, akasubiri nishushe kamera, kisha akaendelea kufagia. Hakugomba wala kuniangalia tena.

Nikaondoka pale na somo moja: tatizo ni uso. Uso usipoonekana, hujamkosea mtu.

Somo lenyewe nililielewa kipumbavu. Yule mama alikuwa anasema "sitaki", na ufagio ndio uliokuwa mkononi. Mimi nikasikia "usipige uso".

Nilipofika Saudia nikajiona nimepewa zawadi. Wanawake wengi mtaani wana nikabu, macho tu yako nje. Nikasema, hapa kazi imerahisishwa, uso umeshafunikwa na mwenyewe.

Mwaka jana nikaandika uzi hapahapa, kanuni zangu za kupiga picha mitaani nchi hii. Kanuni ya tatu niliiandika hivi, neno kwa neno: uso umefunikwa, piga tu, hakuna atakayemjua.

Mlinipongeza kweli. Kuna mkuu alisema nimemfungua macho. Mkuu, kama upo, yafunge kwanza tuongee.

Miongoni mwa walioufuata uzi ule ni jamaa nitakayemwita Kelvin. Mkenya, kijana wa Nairobi, mchoraji wa matangazo kwenye ofisi moja hapo Olaya. Alinitafuta, tukanywa kahawa, tukaanza kutembea pamoja. Jicho analo, simnyimi haki yake. Alikuwa na lenzi ndefu, ile ya 135, akipenda kusimama mbali na kuvuta.

Mimi ndiye niliyemwambia twende Jeddah.

Na mimi ndiye niliyemchagulia mtaa. Nilimwambia, achana na pwani na mikahawa, twende Al-Hindawiyah Ijumaa baada ya Alasiri. Jua linaingia kwenye zile njia nyembamba kwa mshazari, watu wametoka kusali, nguo ziko kwenye vibaraza, na nusu ya lugha utakazosikia ni za kwetu na za majirani zetu.

Tulifika mchana. Wanaopiga picha Jeddah wanajua: ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi inaweka ukungu papo hapo, unasimama kama mjinga dakika kumi ukingoja ikauke. Tukaingia kwenye mgahawa wa Wasomali kula wali huku kamera zimekaa juani.

Pale nikamkuta Athumani. Huyu ni mtu wa Mombasa, dereva wa nyumba moja ya Al-Safa. Tulifahamiana zamani kwenye mgahawa uleule, maana Ijumaa humleta mfanyakazi wa ndani wa nyumba hiyo mtaani pale, halafu humngoja.

"Leo mmekuja na mizinga," alisema akitazama kamera.

"Haiui hii, kaka," Kelvin akamjibu.

"Hujaishi hapa muda mrefu wewe," Athumani akasema, akaendelea na mfupa wake. Tulicheka wote watatu.

Baada ya Alasiri tukaachana na Athumani, tukaingia njiani. Mimi nilikuwa upande huu nikipiga mlango wa mbao uliopasuka. Kelvin alikuwa mbele, hatua ishirini hivi. Nikamwona amechuchumaa na kulenga upande wa pili wa barabara, kwenye ngazi za jengo la kona. Wanawake wawili walikuwa wamekaa pale, wote na mabuibui meusi na nikabu. Mmoja alikuwa amejipinda kwa kicheko mpaka buibui limepanda, na leso ya manjano imejitokeza chini, manjano yale ya kelele, yenye maduara mekundu.

Nikasikia kamera yake inalia tatatatata.

Kisha akanigeukia na kuninyooshea dole gumba. Nami nikamnyooshea langu.

Hicho kidole changu nimekikumbuka sana wiki hizi.

Kelvin aliweka picha kwenye akaunti yake siku ya tatu. Ilikuwa picha nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ngazi, weusi wa buibui, leso ya manjano ikiwaka kwenye ule mshazari wa jua, macho yaliyofumba kwa kicheko. Mkono mmoja umeinuka hewani.

Alikuwa ameikata. Yule mwanamke wa pili hakuwepo. Mahali pake, begani kwa yule anayecheka, alionekana mwanamume mwenye bilauri mkononi, anatabasamu.

Waliowahi kutumia lenzi ndefu wanajua kilichotokea. Lenzi ile inasogeza vitu. Mtu aliye nyuma hatua kumi na tano anaonekana amekaa bega kwa bega na aliye mbele. Mwanamume yule alikuwa muuza chai wa ng'ambo ya uchochoro, amesimama mlangoni kwake anamcheka mteja wake. Na yule mwanamke hamjui hata kwa salamu.

Lakini kwenye picha walikuwa wawili, wamekaa, wanacheka.

Kurasa zinazopenda mambo ya Jeddah ya zamani zikaichukua. Mmoja akachukua kwa mwenzake. Watu wakaandika mioyo na mashairi. Kelvin akanitumia ujumbe: "Boss, imeshika. Hii ndio ile." Mimi nikamjibu hongera.

Siku ya tisa Athumani akanipigia. Hapigi simu huyu, hutuma sauti. Nikajua kuna neno.

"Ndugu yangu, yule rafikiyo mwenye mzinga mrefu. Picha ya leso ni yake?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mumeniulia mtu."

Akanieleza, nami nawaeleza kwa mpangilio aliotumia.

Mwanamke wa leso nitamwita Mwanaisha. Anatoka Kwale. Amefanya kazi kwenye nyumba ile ya Al-Safa miaka mitatu. Madam wake si mtu mbaya, na Athumani alirudia hilo mara mbili. Mshahara unafika, simu anaruhusiwa, halali jikoni. Kitu kimoja hakuwa nacho miaka miwili yote ya mwanzo: kutoka nje ya geti kwa shughuli yake mwenyewe, si kwa kutumwa.

Aliomba. Akaomba tena. Alipotakiwa kutia saini mkataba mpya alisema hatii saini bila jambo hilo. Madam akakubali: Ijumaa, Alasiri hadi Magharibi, dereva ampeleke na amrudishe, ahudhurie darasa la Kurani la wanawake pale Al-Hindawiyah. Sharti lilikuwa moja tu, heshima ya nyumba. Maana yake kila mtu anaijua.

Darasani alihudhuria kweli. Lakini darasa likiisha alikuwa na dakika ishirini, thelathini akibahatika. Dakika hizo alizipeleka kwenye zile ngazi.

Kwa sababu juu ya jengo la pili kutoka pale anafanya kazi mdogo wake. Nitamwita Zuhura. Anamuuguza bibi mzee aliyekataa kuhama nyumba yake ya zamani wakati watoto wake wote wamehamia mitaa mipya kaskazini. Bibi huyo ni shangazi yake madam. Madam ndiye aliyemwuliza Mwanaisha kama ana ndugu mwaminifu, Mwanaisha akamtaja Zuhura, na visa ikatoka.

Wageni juu kule hawaruhusiwi, hata dada wa damu. Na Zuhura ameambiwa, kwa maneno yasiyo na mlango wa kutokea: usimwache bibi peke yake hata dakika. Aliyemtangulia alirudishwa kwao kwa kosa hilo.

Sasa Ijumaa, bibi akilala usingizi wake wa jioni, Zuhura alikuwa anashuka.

Hiyo ndiyo Ijumaa yao. Dakika ishirini kwenye ngazi za jengo la watu, wasichana wawili wa mama mmoja, wanacheka.

Madam aliletewa picha na rafiki yake. Hakuona uso, hakuwa na haja ya kuona uso. Leso ile huanikwa kwenye kamba ya darini kwake kila wiki. Mkono ule ulioinuka una kovu la pasi aliloungua jikoni kwake. Wakuu, mtu aliyekaa nawe nyumba moja miaka mitatu anakujua kwa unavyoinamisha shingo.

Athumani alikuwepo uani, mlango wa jikoni uko wazi.

Madam aliuliza, "Huyu mwanamume ni nani?"

Mwanaisha akasema, "Simjui, madam. Wallahi simjui."

"Unacheka hivi na mtu usiyemjua?"

Mwanaisha akanyamaza.

Angesema neno moja tu, "nilikuwa na Zuhura", yangeisha. Na Zuhura angekuwa amemwacha bibi peke yake, kwa ushahidi wa dadake mwenyewe, mbele ya mpwa wa bibi. Kwa hiyo akanyamaza, na madam akauhesabu ukimya ule kuwa jibu.

"Hakupiga kelele," Athumani aliniambia. "Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisema tu, halas, Ijumaa hakuna. Akazima taa ya jikoni akaenda."

Nikamwuliza Athumani yeye alisema nini. Akasema aliulizwa, akaapa kuwa hakumwona na mwanamume yeyote. Akaambiwa, wewe ulikuwa unakula.

Nilikata simu nikampigia Kelvin palepale. Nilikuwa na wazo moja: picha nzima. Ile kabla ya kukatwa. Nilidhani ikionekana kuwa anacheka na mwanamke mwenzake, basi.

"Original ya nini?" Kelvin aliuliza.

Nikamweleza yote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pole kwake. Lakini bro, mimi nilifuata rule yako. Uso umefunikwa. Si ni wewe uliandika?"

"Ni mimi niliandika. Tuma picha."

"Nitatuma. Lakini kuitoa kwa page, hiyo hapana. Hiyo ndio picha yangu ya kwanza watu wamenijua nayo. Na kuna café hapa Olaya wameiprint kubwa, inaning'inia ukutani. Nikianza kuitoa nitawaambia nini?"

"Waambie kuna mtu ndani yake."

"Watu wako kwa kila picha, boss. Ukiogopa hivyo piga maua."

Wakuu, sijawahi kumpiga mtu tangu shule ya msingi. Nashukuru tulikuwa kwenye simu.

Alituma. Nikaifungua. Kushoto, palepale alipokata, amekaa Zuhura. Mwembamba, nikabu imelegea, viganja viwili vimeelekeana kama anayeeleza ukubwa wa kitu. Yeye ndiye anayesimulia, Mwanaisha ndiye anayecheka. Muuza chai yuko nyuma kabisa, na ukiiona picha nzima mtoto mdogo atakwambia hawako pamoja.

Nikafurahi. Nilidhani nimebeba dawa.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kazi Jeddah. Athumani akanipa saa: Mwanaisha hutumwa supamaketi ya Al-Safa na orodha, dereva husukuma kigari. Nikajifanya mnunuzi. Tulikutana kwenye njia ya mchele.

Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Hakunitazama, alikuwa akisoma mfuko wa mchele.

"Wewe ndiye mwenye picha?"

"Siye niliyepiga, dada. Lakini mimi ndiye niliyemleta aliyepiga. Na mimi nilimfundisha kuwa haina neno."

"Haina neno kwa nani?"

Nikashika mfuko wa mchele nisiouhitaji.

"Mwatuona kama madirisha," alisema. "Dirisha zuri, mtu asimama, apiga, aenda zake. Sasa dirisha lina mama, lina mdogo wake. Mulibisha hodi?"

"Hatukubisha."

"Basi usiniite dada bado. Nionyeshe."

Nikampa simu. Athumani akasogeza kigari kikatukinga.

Aliitazama muda mrefu. Akaweka vidole viwili akaivuta, akaivuta tena, mpaka Zuhura akajaa kwenye kioo.

"Tizama alivyokonda," alisema, zaidi kwa Athumani kuliko kwangu. "Buibui lamvaa yeye." Kisha macho yake yakabadilika, nikajua chini ya nikabu anacheka. "Hapa alikuwa anielezea habari za bibi. Ati bibi humwita kwa jina la paka wake aliyekufa. Kila asubuhi. Na Zuhura huitika. Asema siku asipoitika bibi hulia."

Athumani akatazama pembeni.

Nikasema, "Hii ukimwonyesha madam, atajua hukuwa na mwanamume. Utarudishiwa Ijumaa."

Akanirudishia simu polepole.

"Nirudishiwe Ijumaa, na Zuhura apandishwe ndege. Sasa hiyo Ijumaa niende nikacheke na nani, na wewe?"

Niliwahi kufungua mashine ya hospitali nikakuta waya niliouunganisha vibaya mwenyewe. Nilijisikia hivyo.

"Zuhura ajua?" niliuliza.

"Hajui, na hatajua. Namjua mie. Akijua atashuka na begi lake aende akaseme kwa madam mwenyewe, ni mimi nilikuwa naye, mrudishieni dada. Ana kichwa kama cha marehemu baba." Akachukua mfuko wa mchele akautia kigarini. "Anayesoma kwa mshahara wake ni mdogo wetu wa mwisho. Mwaka mmoja na kitu kidogo umebaki amalize. Ifute."

"Niifute?"

"Hapa, naona."

Nikafuta mbele yake. Akaniambia nifungue na pale picha zilizofutwa zinapojificha, nikafuta na huko.

"Hutaki ubaki nayo wewe?" niliuliza.

"Simu yangu huangaliwa." Akasukuma kigari hatua mbili, akasimama. "Na yule mwenzio, usimwambie afute. Msimamie afute."

Athumani akanipita akasema kwa sauti ndogo, "Yalla, nenda zako, ndugu yangu. Umeshasikia."

Nilirudi Riyadh na ndege ya asubuhi, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Kelvin. Sikwenda kumbembeleza. Nilimwambia ninayo majina ya kurasa zote na saa zilipoweka, na sheria ya nchi hii haina mzaha na picha ya mtu iliyosambazwa bila idhini yake, na nikilazimika nitajitaja mimi kwanza na yeye wa pili.

Alinitazama kama hanijui. "Utaniharibia kwa sababu ya househelp?"

Hilo neno ndilo lililomaliza urafiki. Mama yake Kelvin alifanya kazi za ndani Eastleigh, yeye mwenyewe aliwahi kunisimulia akiwa na machozi. Sikumkumbusha. Aliliona usoni kwangu akafungua kompyuta.

Alifuta mbele yangu. Tukaenda wote kwenye ile café, tukaishusha ya ukutani. Mwenye café alisema wateja walikuwa wanaipenda, je, tutaleta nyingine? Kelvin akasema ndiyo. Mimi nikabeba fremu nikatoka.

Kurasa tatu zimeiondoa baada ya kuandikiwa. Mbili hazijajibu mpaka leo. Nyingine sizijui. Ndiyo maana nimewaambia msiniombe picha.

Kanuni yangu ya tatu niliomba mods waifute kwenye uzi wa zamani. Wameniambia muda wa kuhariri umepita. Sawa. Basi mjue kwa uzi huu kuwa nimeifuta kwa mkono wangu, na yeyote aliyeitumia akapata picha nzuri, arudi akaitazame upya aone ni nani ameketi ndani.

Nikabu mtu anaivaa kwa Mungu wake, au kwa mwajiri wake, au kwa sababu zake ambazo hazikuhusu. Hakuivaa ili kukupa wewe ruhusa. Na anayemtambua mtu haraka si polisi wala mtandao, ni yule anayekula naye na mwenye nguvu juu yake. Sisi wenye mikataba mizuri tunaokaa Olaya na kupewa tiketi ya kwenda likizo hatuoni hilo kwa sababu hakuna anayeijua leso yetu.

Na nyie mnaokata picha ili "isafike", mjue mnakata nini. Kelvin alimkata shahidi.

Kabla sijaandika nilimwomba Mwanaisha ruhusa kupitia Athumani. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: aandike, maneno hayavai leso. Ila asiandike kwa kunihurumia.

Kwa hiyo siandiki kwa kumhurumia. Naandika kwa sababu kuna jambo limetokea Alhamisi iliyopita na sijui nifanye nini.

Alhamisi madam huenda kumwona shangazi yake. Athumani hubeba mifuko hadi chini ya ngazi, Zuhura hushuka kuipokea. Wiki zote hizi amekuwa akimwuliza Athumani, dada yangu mbona haji? Na Athumani, kama alivyoagizwa, amekuwa akijibu kuwa Ijumaa madam ana wageni, kazi ni nyingi.

Alhamisi hii hakuuliza. Alipokea mifuko, akasema, "Mwambie dada nimeshuka Ijumaa tano, nimekaa pale peke yangu kama mwehu. Kama amepata wenziwe bora, aseme. Sishuki tena. Na asinipigie."

Mwanaisha alipopelekewa maneno hayo alisema, "Afadhali. Asiposhuka hatakamatwa." Akaendelea kupiga pasi. Athumani anasema aliipiga pasi shati moja mpaka usiku ukaingia.

Namba ya Zuhura ninayo. Athumani alinipa zamani kwa dharura, kabla hajajua kuwa dharura itakuwa mimi.

Nikimwambia ukweli, atajua dada yake hakumtupa. Na dada yake anaapa kuwa siku hiyohiyo atakwenda kujitaja na kurudishwa nyumbani. Nikinyamaza, kazi inabaki, na ndugu wawili walio kilomita chache tu wanamaliza mwaka mmoja wakichukiana kwa ajili ya picha.

Mwanaisha ameshasema ninyamaze. Nimempora Ijumaa, sitaki kumpora na neno lake. Lakini Zuhura naye ni mtu mzima, na hakuna aliyemwuliza yeye angechagua nini. Hata safari hii tunaamua juu yake bila kubisha hodi.

Wakuu mliowahi kufanya kazi za nyumbani Ghuba, au wenye dada na mama walioko huku sasa hivi, nyie ndio nataka niwasikie kwanza. Matusi nayapokea, nimeyastahili. Anayetaka kuuliza lenzi ni ya aina gani asipoteze muda wake.

Mngekuwa nyie, mngempigia Zuhura?